Swali la Shekiondo Kijiweni

"Malezi muulize aliyekojolewa." Mnacheka? Chekeni mmalize, kisha mtulie, maana nyinyi wenyewe ndio mmeniuliza chanzo chake. Methali hii ilizaliwa hapa hapa Soni, na aliyeizaa ni kaka yangu, Shekiondo.

Mkewe, Rehema, alikuwa amelazwa Tanga kwa upasuaji. Kaka akabaki na binti yao, Mwanamvua, ambaye hata kutambaa alikuwa bado. Hakutaka kuwa baba wa kutoa matumizi tu, alitaka kulea. Basi akatafuta wa kumfundisha. Loo, walimu walivyojaa! Kwenye simu bwana mmoja mwenye tai alisema mtoto akilia aachwe, asidekezwe. Mwingine akasema abebwe kutwa. Majirani nao wakamshangaa: "Mwanaume mzima unashinda na kanga begani! Mpeleke kwa bibi yake."

Siku moja Mwanamvua akaamka na homa, anatapika. Ushauri ukamiminika upya. "Meno hayo." "Usimpe maji, atatapika zaidi." Kaka alishika hili, akaliacha, akashika lile. Mtoto akazidi kulegea.

Alasiri akambeba hadi kijiwe cha kahawa, labda huko angepata mwenye akili. Wanaume wakaanza kubishana juu ya kichwa cha mtoto, kila mmoja na lake. Hapo kaka yangu uvumilivu ukamwisha.

"Nyamazeni!" alifoka. "Maneno yenu yamenijaa mpaka hapa! Hebu aliyewahi kukojolewa na mtoto anyooshe mkono."

Huyu akajikohoza, yule akachungulia kikombe chake. Mkono mmoja tu ulinyooka, wa Mwalimu Mdoe, ambaye hakuwa amesema lolote.

"Ninao wanne," alisema, "na wote wamenikojolea. Mama yao alikuwa akifanya kazi mbali. Hebu niambie, huyu amekojoa lini?"

Shekiondo akapapasa nepi. Kavu. Akajaribu kukumbuka, uso ukambadilika. "Mwalimu... leo sijambadilisha hata mara moja."

"Basi maji yanamwishia mwilini. Zaidi ya hapo mimi sijui, wanajua hospitali. Inuka, twende."

Walipofika, mtoto alitundikiwa dripu. Daktari alimgombeza kaka kwa kuchelewa. Kaka alikaa kitandani amempakata mwanawe, Mwalimu pembeni. Mara akahisi uvuguvugu ukimwenea mapajani.

"Mwalimu!" alipiga kelele, wodi nzima ikageuka. "Amenikojolea!" Akacheka, na machozi yakamtoka mbele za watu.

Rehema aliporudi, alimkuta binti yake mzima, amenenepa. Washauri hawakukoma, hao hawakomi. Lakini kila mmoja alipofungua mdomo, kaka alimtazama kuanzia kifuani hadi magotini, akamjibu kwa ukali: "Malezi muulize aliyekojolewa."