Nyanya Zenye Madoa

Wapendwa, palikuwa na mkulima wa nyanya, jirani zake wakimwita Baba Tumsifu. Kikundi cha wakulima kilikuwa kinakuja kutembelea shamba lake, na siku moja kabla hawajafika akakuta baadhi ya miche ina madoa meusi kwenye majani. Mingine ilikuwa safi, kijani kabisa. Akaanza kung'oa yenye madoa.

Mkewe akamshika mkono. "Baba Tumsifu, si tumwite kwanza bibi shamba aione?"

"Aione ili akatutangaze? Wageni wanakuja kesho!"

Akaing'oa yote, akaichoma. Wageni wakaja, wakasifu, wakapiga picha. Mnajua kilichofuata? Wiki haikuisha, ile miche safi ikaoza mpaka shina. Shamba zima!

Bibi shamba alipofika aliuliza, "Hakukuwa na miche iliyotoa madoa mapema?"

"Ilikuwepo. Niliing'oa."

Yule mama akashika kichwa. "Uliing'oa? Baba, ile ndiyo iliyokuwa inapigana! Ugonjwa ukiingia, mmea wenye nguvu unaua kipande cha jani lake lenyewe, ugonjwa usipite. Hapo hapo unatengeneza homoni ya kujikinga, na majani mengine yanapata habari, yanajiandaa. Doa lile lilikuwa ulinzi. Hii uliyoiacha ilikuwa inaumwa tayari, ila haikuwa na uwezo wa kuonyesha. Iko wapi ile, tupate hata mbegu?"

"Nimeichoma."

Akakaa chini kwenye matope, mtu mzima.

Mnamshangaa? Mimi nawashangaa ninyi, na najishangaa mimi. Binti anapotuambia, "Mama, naogopa kubaki nyumbani na mjomba," sisi tunamjibu nini? "Nyamaza! Unataka kutuaibisha?" Tunampeleka kwa shangazi, mkoa mwingine kabisa, na mjomba tunamkaribisha chakula. Halafu tunakaa humu kanisani, tumependeza, tunasema familia yetu haina tatizo. Haina tatizo? Au tumemfukuza yule mmoja aliyekuwa na nguvu ya kusema?

Kuna mama humu ndani sasa hivi ameinamisha kichwa. Mama, simu unayo. Toka nje, mpigie mtoto wako. Mwambie, "Nimekuamini. Rudi nyumbani, yeye ndiye anayeondoka." Nenda. Sisi tutakusubiri, hatutaimba mpaka umalize.