Kwa Nini Uso Kwenye Sarafu Hutazama Kando

Msione sarafu zina nyuso mkadhani zilizaliwa hivyo. Zamani sana huko Rumi, sarafu ya fedha ilikuwa na ng'ombe upande mmoja na suke la ngano upande wa pili. Watu waliridhika, maana ng'ombe hajawahi kumdanganya mtu.

Kisha akatawala Kaisari mmoja mpenda sifa. Alienda vitani akapigwa vibaya, akarudi na nusu ya jeshi, akaogopa aibu ile isienee mikoani. Akamwita Drusila, mjane aliyekuwa fundi wa kuchonga mihuri ya chuma ya kupigia sarafu.

"Upande mmoja weka uso wangu," akamwambia. "Upande wa pili weka ushindi. Sarafu hufika nisikofika."

Drusila akachonga uso unaotazama mbele, na pua akaitokeza vizuri sana. Hapo ndipo alipokosea. Sarafu zilipita mikononi na mifukoni, na palipoinuka zaidi ndipo palipolika kwanza. Mwaka haujaisha, Kaisari hana pua! Sokoni watu walicheka mpaka machozi.

"Huyu ndiye mshindi?" wakaulizana wauza samaki. "Mbona pua kaiacha huko huko vitani?"

Kaisari alipopata habari alifura kwa hasira. Akampa Drusila siku tatu: pua irudi, la sivyo kichwa chake kitaondoka. Maskini, aliogopa mno. Siku mbili akachonga na kufuta, patasi ikamshinda.

Siku ya tatu alikaa mlangoni akimtazama jirani yake Tula, muuza samaki, akipuliza mkaa. Alimwona kwa upande: paji, pua na kidevu, vyote kwenye mstari mmoja. Drusila akaruka, akakimbilia patasi. Jioni Kaisari alikuwa anatazama kando, pua yake imelala salama kwenye fedha.

"Mbona siwatazami watu wangu?" Kaisari akauliza.

"Ukiwatazama, bwana wangu, pua italika tena."

Kaisari akaridhika, na Drusila akarudi nyumbani na kichwa chake. Lakini Tula alipomuuliza swali lile lile, alimjibu vingine.

"Nyuma yake nimechonga ushindi ambao haukuwapo, dada. Sasa atamtazamaje mtu machoni?"

Na tangu siku hiyo, nyuso za wakubwa kwenye sarafu hutazama kando. Kama unabisha, itoe moja mfukoni uigeuze utakavyo. Wewe utamtazama, yeye hatathubutu.