Orodha ya Kazumari

Mtu mmoja, Nandonde, alikuwa na mabinti wawili na shamba la muhogo mchungu. Mkewe alifariki, akaondoka na yote aliyoyajua, kwa sababu hakuna aliyemuuliza akiwa hai. Nandonde alikuwa mlaji hodari tu. Miaka ishirini alikula ugali wa makopa, yaani muhogo uliokaushwa, wala hakuwahi kujisumbua kujua muhogo umepitia wapi hadi ukafika kwenye sahani yake.

Aliwapenda wanawe, hilo tusimnyime. Alitaka wafundishwe kazi za nyumbani, na wafundishwe vizuri. Basi akafunga safari ya siku mbili hadi bondeni, kwa rafiki yake Kazumari, ambaye mabinti zake walisifiwa na kila mtu. Ukutani aliona karatasi yenye mafundisho yote, yamepangwa siku kwa siku. Akainakili neno kwa neno, hata makosa ya tahajia hakuyaacha. Shamba la Kazumari hakulitazama. Lilikuwa la muhogo mtamu, ule unaotafunwa mbichi.

Aliporudi aliibandika karatasi ukutani, akawakaririsha. Mwezi haukuisha, Biena wa miaka kumi na mdogo wake Somoe wa miaka minne wakawa wanaitamka yote bila kukosea. Majirani walikuja kusikiliza, wakampongeza baba, naye akajiona mwalimu kamili. Mstari wa kumi na mbili ulisema: chimba muhogo, menya, chemsha, pakua.

Siku ya mstari huo ilipofika, Biena alisita, jembe mkononi. Alikumbuka kwa mbali mama yake akiloweka muhogo kwenye pipa siku tatu, maji yakinuka hadi uani, kisha akiuanika juani. Akamweleza baba yake. Nandonde alitazama karatasi, asione kuloweka. Moyo ulimwambia asikilize, maana mtoto yule hakuwa na tabia ya kubuni mambo. Lakini majirani, wanaume walaji tu kama yeye, walikuwa wamekaa pale pale, na mwenye mafundisho ni yeye.

"Kwa Kazumari hawaloweki," alisema, "na wewe si mama yako."

Biena akaenda shambani. Akachimba, akamenya, akachemsha, akapakua. Nandonde alionja, akahisi uchungu, akadhani ni ukame wa mwaka ule. Somoe alikuwa amecheza asubuhi nzima na njaa ilimuuma. Akala akamaliza, akaomba tena, na baba yake akamwongezea kutoka sahani yake mwenyewe.

Alasiri mtoto alitapika hadi akaishiwa nguvu. Jua halijazama, akafa.

Msibani watu walisema ni kazi ya Mungu. Nandonde alijua ni ule muhogo. Walipotawanyika alimwita Biena, akaketi chini mbele yake kama mwanafunzi, akamwomba amwonyeshe jinsi mama yake alivyofanya. Biena alikumbuka pipa, harufu na siku tatu. Muhogo huanikwa hadi ukaukeje, na hujulikanaje kwamba sumu yake imeisha, hakujua. Walikaa hivyo, baba na binti, hakuna wa kumfundisha mwenzake.

Nanyi mnaokaa kupanga watoto wetu wafundishwe nini: mlianza kwa kuuliza, au mlianza kwa kunakili?