Bendeji ya Mzee Simba

Hapo zamani, zamani za kale kweli, Simba na Tembo walipokuwa bado wakilazwa wodi moja... Mnacheka nini? Wewe Mwanasha, toa kiganja mdomoni, nimeshakuona!

Haya, mmeona. Bendeji hii yote, kuanzia kidole hadi kiwiko, ni ya mkwaruzo wa kopo la samaki. Nimevuka mipaka, nimelala kwenye stesheni ambazo hata majina yake siwezi kuyatamka, nikarudi mzima. Leo kopo limeniangusha jikoni kwangu mwenyewe! Chekeni. Mkimaliza mniambie.

Basi, zamani hizo wanyama walikuwa na hospitali yao chini ya mwamba. Daktari alikuwa Bi Korongo, mweupe, msafi, mdomo mwembamba kama sindano. Ila pale palikuwa na desturi moja ya ajabu: mgonjwa alifungwa bendeji kwa kadiri ya cheo chake, si kwa kadiri ya kidonda. Mkubwa akichomwa na mwiba, afungwe hadi begani, la sivyo ukoo mzima unanuna. Kisha bendeji zote hizo zinatupwa nyuma ya mwamba na kuchomwa. Fuuu! Moshi unarudi wodini, wagonjwa wanakohoa, kho! kho! kho!

Asubuhi moja Pelele akafika mbio, kamshika mkono mkewe, Mwanajumbe, uchungu umeshamwanza. Pelele mnamjua, yule pimbi wa majabali: mdogo, mnene, mkia hana, lakini mdomo anao.

"Bi Korongo, mtoto yuko njiani! Tupe kitambaa safi cha kumpokelea!"

Bi Korongo akainamisha shingo. "Limebaki robota moja tu la kitambaa cha bendeji, baba. Pamba mpya bado ni maua shambani. Na mwenye robota hilo nadhani ndiye yule anayekuja."

"Ngrrrr! Nakufa mie!" Simba akaingia akichechemea, mguu mmoja juu. "Mwiba, Korongo! Mwiba! Nifunge hadi shingoni, haraka!"

Miguu ya Bi Korongo ikagongana, ko-ko-ko. Pelele akamtazama mkewe anavyouma kanga, kisha akalitazama robota. Abishane na Simba? Thubutu! Mababu waliobishana na Simba hawakuacha wajukuu.

Akaruka juu ya kiti. "Jamani, mpisheni Mzee! Leteni machela! Leteni robota lote, maskini, huyu hawezi kuvumilia!"

Simba akaacha kulia. "Nani hawezi kuvumilia?"

"Usione haya, Mzee. Kule ng'ambo ya mto mgonjwa hufungwa kwa kadiri ya woga wake. Shujaa hufungwa kidogo tu, kidonda kifunikwe, basi. Mwoga ndiye wanayemviringishia hadi shingoni, asije akaona damu yake akazimia. Juzi Kondoo wamemfunga mpaka masikio."

Kitanda cha pili alilala Tembo, aliyeumwa na nyuki mmoja, kafungwa mkonga mzima na sikio juu.

"Hii..." Tembo akajikohoza. "Hii nilikuwa nasikia baridi tu."

"Korongo!" Simba akanguruma. "Mimi nikatie kidogo!"

"Wakibadilisha yangu, iwe ndogo kuliko yake!" akadakia Tembo.

"Yangu iwe kama punje ya mtama!" akasema Simba.

"Mimi usinifunge kabisa! Nipulizie tu! Puu!" akajibu Tembo.

Mlangoni Kifaru, aliyekuja na ukucha uliokatika, akageuka polepole. "Mimi nilipita kuwasalimu tu."

"Nyamazeni!" akasema Bi Korongo, na miguu yake sasa haikugongana hata kidogo. "Kifaru, rudi hapa. Kila kidonda kitasafishwa, kila kidonda kitafunikwa chote. Lakini kidonda tu, si mwenye kidonda!"

Kwachu, kwachu, akakata. Robota likabaki limenona. Jua halijafika utosini, nyuma ya pazia kukasikika: "Nyeee!" Mtoto wa Pelele huyo, kitovu kimefungwa vizuri, amezungushiwa kitambaa cheupe, safi.

Tangu siku hiyo wakubwa wakawa wanashindana kwa udogo wa bendeji. Moshi nyuma ya mwamba ukapungua hadi wagonjwa wakaanza kuliona anga, na pamba mpya ilipovunwa, ghala lilikuwa bado na akiba.

Sasa Simba, kwa kupenda sifa, akavuka mto kwenda kuonyesha kovu lake. Akarudi mbio, manyoya yamesimama.

"Pelele! Pelele! Kule ng'ambo nimemkuta Kiboko amefungwa kama mtumba, na kila mtu anamwamkia! Ulinidanganya!"

Pelele, shujaa wetu, akaingia chini ya kitanda. Puu! Akatoka Mwanajumbe, mtoto begani.

"Mzee, shikamoo. Kidonda kilipona?"

"Marahaba. Kilipona, lakini..."

"Basi. Mgonjwa apewe kinachomtosha, ili na anayekuja nyuma yake apate. Wewe umepata, mwanangu amepata. Sasa funga mdomo, ndiyo kwanza amelala."