Fisi Alivyofua Godoro la Paka

Mwaka ule mvua za vuli hazikunyesha kabisa, na za masika zilikuja siku mbili tu, zikalowesha vumbi, zikaenda zao. Majani yalikauka yakiwa bado mtini. Katika nchi yote iliyotawaliwa na Simba kilibaki kisima kimoja, nacho kilitoa maji kwa kusuasua, hata ikabidi itolewe amri: kila nyumba ndoo moja kwa siku, ya kunywa tu. Kuoga kulipigwa marufuku. Kufua hakukutajwa, maana hakuna aliyedhani angetokea mnyama wa kutaka kufua wakati ndimi za wenzake zimekauka.

Walimsahau Paka.

Paka aliishi nyumbani kwa Simba. Simba alimwita mpwa wake, na kazi yake ilikuwa moja tu, kukamata panya waliokuwa wakitafuna nyama kavu ya mfalme. Kwa kazi hiyo alipewa kikapu kipana cha ukili, na ndani ya kikapu godoro dogo la sufi lenye foronya nene. Godoro hilo halikuwahi kuonja maji tangu lishonwe. Manyoya ya Paka yalikuwa yameshikamana juu yake kama blanketi la pili. Ukilibonyeza, vilitoka vumbi, vipande vya mikia ya mijusi, na viroboto wasio na idadi. Paka mwenyewe alijilamba asubuhi na jioni, na kila mgeni aliyeingia alimwambia kwamba katika nyumba ile msafi ni yeye.

Viroboto walipozidi kuzaana, Paka hakuwatosha. Wakahamia kwa mwenye nyumba. Siku moja Simba akiwa katikati ya hukumu, mbele ya baraza zima, mguu wake wa nyuma uliinuka wenyewe ukaanza kumkuna shingo, kwa kasi, kama mbwa wa njiani. Hakuna aliyecheka. Wote waliinamisha macho chini, na kwa mwenye majivuno kama Simba hilo liliuma kuliko kicheko.

"Godoro lile lifuliwe leo," akasema.

"Mimi sifui, Mjomba," alijibu Paka bila kufungua macho. "Mimi hujilamba."

"Basi lichomwe moto."

"Likichomwa nami sikamati panya. Nyama utailinda mwenyewe."

Simba alifikiri juu ya nyama yake. Kisha akauliza nani kati ya waliokaa mbele yake alikuwa na maji ya akiba. Kobe, mlinzi wa kisima, ambaye hakujua kusema uongo, alisema ni Swala peke yake. Swala alikuwa na watoto pacha wachanga, na kwa siku kadhaa alikuwa akijinyima, akinywa nusu ya fungu lake na kuweka nusu, hata akapata ndoo mbili.

"Ziletwe," akasema Simba.

"Bwana Mkubwa, ni za watoto," akasema Swala. "Maziwa yanakaribia kunikauka."

"Shingo ya mfalme ni jambo la nchi," akajibu Simba. Ndoo zake mwenyewe, ambazo zilikuwa tatu, hakuzitaja.

Fisi alikuwa amekaa nyuma kabisa ya baraza, pale mifupa inapotupwa. Masikio yake hayakushika habari za pacha wala za shingo ya mfalme. Yalishika neno moja tu lililofuata, Simba alipotangaza kwamba atakayefua godoro vizuri atapewa paja zima la nyati.

"Mimi hapa, Bwana Mkubwa," akasema Fisi, ameshafika mbele kabla hajamaliza kusema. "Kwetu tumefua tangu enzi za babu. Marehemu mama alikuwa akifua hata vya tembo."

Watu walitazamana. Hakuna aliyewahi kumwona mama yake Fisi akifua kitu. Lakini kazi hiyo hakuna mwingine aliyeitaka, kwa hiyo Fisi alipewa godoro, ndoo mbili za Swala, na mche wa sabuni ya kienyeji iliyopikwa kwa mafuta ya nyama na maji ya majivu.

Lazima tuseme kweli, Fisi aliondoka pale akiwa na nia ya kufua. Nia hiyo ilidumu mpaka nyuma ya kichuguu cha kwanza. Hapo alizitua ndoo apumzike, akayaona maji yanavyotulia, safi, yanamtazama. Akajiambia kwamba fundi mwenye kiu hafanyi kazi nzuri. Akanywa kidogo. Akajiambia kwamba ndoo isiyojaa ni nyepesi kubeba. Akanywa tena. Ndoo ya kwanza ilipokwisha, aliichukua sabuni ili aanze angalau kwa ndoo ya pili, na sabuni ikamnukia mafuta ya nyama. Akailamba upande mmoja. Akailamba upande wa pili ili mche usiende mshazari. Mwishowe akaimeza iliyobaki, na kwa kuwa ilimkaba koo, akaishushia kwa ndoo ya pili yote.

Alikaa kitambo akilitazama godoro. Hakuona haya. Alichoona ni usumbufu, kama mtu aliyefika dukani akakuta pamefungwa.

"Godoro ni la paka," akajisemea. "Chafu au safi, litalaliwa."

Akalipiga mara mbili kwenye jiwe. Vumbi lilipomwingia puani aliacha. Akaigeuza foronya upande wa chini ukawa juu, akachuma majani ya mrehani mwitu akalisugua mpaka likanukia, kisha akajilaza kivulini. Jua lilipokaribia utosini alilibeba akarudi, akitembea polepole kama aliyechoka kwa kazi.

"Limekauka upesi hivyo?" aliuliza Sungura, aliyekuwa amekaa mlangoni pa Simba. Sungura alikuwa hivyo siku zote: hana kazi mlangoni pa mtu, lakini yupo.

"Jua la mwaka huu, mwanangu," akasema Fisi. Alitaka kuongeza neno, lakini alicheua, na kwenye pembe ya mdomo kikatokea kipovu cheupe, kikavimba, kikapasuka. Fisi alijifuta haraka. Sungura alikiona.

Paka aliletewa godoro. Alilinusa chini ya ule mrehani, akakuta harufu yake yote ipo mahali pake. Akazunguka mara tatu, akajikunja, akaanza kukoroma kwa raha.

"Hatimaye amepatikana fundi," akasema. "Wengine wakifua, huharibu."

Simba alifurahi, akajilaza kando ya kikapu apate usingizi wa mchana. Fisi aliketi uani mkabala na lile paja la nyati lililoning'inia, akilitazama kama mtu anayetazama saa. Alishaamua aanzie wapi kutafuna. Alishaamua pia kwamba hatamgawia mtu.

Haukupita muda Simba akatoka nje akiruka. Alijikuna shingo, akajikuna mgongo kwenye nguzo ya mlango, nguzo ikalegea. Ngoma ya baraza ikapigwa alasiri ile ile.

"Godoro limefuliwa," akanguruma Simba, "na mimi naliwa. Nataka maelezo."

"Bwana Mkubwa," akasema Fisi kwa upole, "hao wametoka nje. Pengine wamekuja na Swala. Wenye watoto wachanga hawana usafi."

Swala alikuwa pale, na pacha wake wamelala ubavuni wakihema midomo wazi. Alimtazama Fisi.

Sungura akasimama. "Mimi namwamini Mjomba Fisi," akasema. "Kazi ya fundi isitiliwe shaka bila kupimwa. Godoro na lije hapa, naye alilalie mbele yetu. Kama ni safi, litampa usingizi, na paja lake alichukue leo hii."

Baraza likasema ni haki. Fisi angeweza kukataa, lakini kukataa ni kuliacha paja, na tangu azaliwe Fisi hajawahi kuacha paja. Akajitia kikapuni. Kikapu kilitosha kifua na nusu ya tumbo, makalio yakabaki nje yanapigwa na jua.

Viroboto waliobaki godoroni walikuwa wameishi maisha yao yote kwa paka mmoja mwembamba. Walipoteremshiwa fisi mzima, aliyenona, mwenye ngozi ya joto, hawakuamini bahati yao. Fisi aliwasikia wanakuja. Kwanza kwapani, kisha shingoni, kisha mahali ambapo hakutaka kupataja. Akauma meno.

"Vipi, Mjomba?" akauliza Sungura.

"Nasinzia."

"Usisinzie bado, tufundishe. Godoro kama hili, mtu aanzie wapi?"

"Aanzie... kuloweka," akasema Fisi. Sikio moja lilitikisika.

"Manyoya hayakuzuii? Kwetu tunayakung'uta kwanza yakiwa makavu, maana yakilowa yanaganda."

"Naam, nilikung'uta kwanza."

"Na foronya uliivua, au uliloweka pamoja na sufi?"

"Pamoja." Jasho lilimtoka puani. "Niliivua. Niliivua kisha nikaiweka pamoja."

"Ukaisuuza mara ngapi?"

Hapo kiroboto mmoja, mzee na mwenye uzoefu, alifika chini ya mkia. Fisi aliruka kutoka kikapuni kwa mlio ambao haukuwa kicheko wala kilio. Akagaagaa mavumbini mbele ya mfalme, miguu yote minne ikijikuna kwa pamoja, na kwa kujigeuza kule sabuni ikapanda. Povu likamtoka mdomoni na puani, jingi, jeupe, likanukia mafuta ya nyama.

Sungura aliung'ata uzi wa foronya akaifungua. Manyoya yakamwagika kwa mafungu, na mkia wa mjusi, na sufi nyeusi kavu kama jivu.

"Maji hayakufika hapa, Bwana Mkubwa," akasema. "Wala sabuni. Vyote vimeishia kwake tumboni."

Simba aliitazama ile sufi, kisha macho yake yakaenda, bila yeye kupenda, kwa wale pacha.

"Kuna mchanga katika mto uliokauka," akamwambia Fisi. "Ukichimba kwa kina, chini kuna unyevu. Utachimba mpaka ujaze ndoo nne. Mbili utafulia. Mbili ni za mpwa wangu—"

"Mbili za kwanza ni za watoto," akasema Swala. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumkatiza Simba, na kila mmoja alingoja kuona litakalofuata. Simba alijikuna. "Za watoto," akasema. "Na leo wachukue moja katika zangu."

Fisi alichimba siku tano. Mchanga wa mto ule ni wa kuporomoka, ukitoa konzi mbili moja inarudi, na maji yanakuja kwa matone. Sungura alikaa ukingoni kwenye kivuli akihesabu matone kwa sauti. Ndoo mbili za kwanza zilipojaa, Fisi alizipeleka kwa Swala, na Swala alimtaka asimame pale pale. Pacha wakanywa. Walikunywa taratibu, wakipumzika, wakirudia, naye Fisi mwenye koo la moto alisimama akiyatazama maji yanavyoshuka ndani ya ndoo.

"Sasa nenda," akasema Swala walipomaliza.

Siku ya sita alifua, na baraza zima lilikuja kutazama. Aliikung'uta foronya mbali na nyumba, akaokota manyoya kwa kiganja kilicholowa, unywele kwa unywele. Sufi aliitoa akaianika juani, akaichambua kwa vidole na kutupa iliyooza. Foronya aliiloweka kwa maji ya moto mpaka viroboto wakaelea juu, akaisugua kwa sabuni kwenye mishono wanakotagia mayai, akaisuuza, akaambiwa arudie, akaisuuza tena mpaka maji yakatoka bila povu. Kisha akaketi kuilinda mpaka ikauke kabisa, akaigeuza kila upande, maana ikikunjwa mbichi huvunda. Safari hii sabuni ilifungwa kwa kamba shingoni mwa Kobe, na kila akiihitaji alisogea mpaka kwa Kobe.

Godoro likarudi jeupe, limetuna. Paka alikuja akalinusa. Alilinusa upande huu, akalinusa upande ule, akarudi nyuma mkia juu.

"Hili limeharibiwa," akasema. "Halinuki chochote."

Akaenda kulala juu ya gunia la nyama kavu. Simba alimtazama kwa muda mrefu, halafu akamwambia kwamba tangu siku ile matandiko yake, yawe gunia au yawe godoro, atayafua mwenyewe kila mwezi mwandamo, na panya wakiigusa nyama, atafua na matandiko ya mfalme. Paka alianza kujilamba.

Fisi alibaki uani, mgongo umepinda, kucha zimeisha.

"Bwana Mkubwa," akasema, "na lile paja?"

"Nililila juzi," akasema Simba. "Wewe ulikuwa mtoni."

Fisi akaenda zake huku akijikuna, na njiani hakuna aliyempa pole. Kufua kungemchukua asubuhi moja, na saa sita mchana angekuwa anatafuna. Aliona asubuhi moja ni ndefu, akaiba maji ya watoto ili aifupishe, akaishia kufanya kazi siku sita kwa tumbo tupu. Na ukimuuliza leo, atakwambia kosa lilikuwa la viroboto.