Kifungio cha Nne

Kamba haikatiki penye unene. Unaweza kuisuka kwa katani mpya mwanzo hadi mwisho, ukaacha shubiri moja tu iliyotafunwa na panya, na siku ya kuvuta nyavu ni shubiri hiyohiyo itakayokuumbua mbele ya watu. Ndiyo maana ya methali yetu. Asiyeielewa na aje Rusimbi aulize habari za gari jekundu la Mzee Ndayisenga. Wapo bado wanaolikumbuka.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi, wakati ng'ambo ya ziwa bado inaitwa Zaire. Kigoma ilijaa pomoni. Watu walishuka kutoka Kagunga na magodoro, na mbuzi, na vyerehani kichwani. Kirundi, Kiha na Kiswahili cha Kongo vilichanganyika sokoni kama dagaa na mchanga. Shida ilikuwepo, hofu ilikuwepo, lakini jioni moshi wa migebuka ulipopanda na redio zikaanza kuimba madirishani, mji ulikuwa na raha yake, raha ambayo leo huipati hata kwa dawa.

Katikati ya vurugu hiyo, tishari moja la mizigo lilishusha bandarini gari la spoti. Dogo, jekundu, limelala chini kama mamba anayeota jua. Boneti lake lilikuwa kipande kimoja cha faiba, chepesi, watu wawili wanalinyanyua na kuliweka pembeni kama mfuniko wa sufuria. Lilishikwa na vifungio vinne vya chuma vyenye springi, kila pembe kimoja. Unasukuma, unazungusha kidogo, kinalia "ka!", kimekamata. Kufungua ni vilevile. Spana ya nini?

Mwenye gari, Mzee Ndayisenga, alikuwa mtu mrefu, mkimya, wa suti moja. Nyumba yake Bujumbura ilichomwa. Mkewe alizikwa kulekule. Alichobakiwa nacho ni binti yake Caritas, na hilo gari alilomwendeshea mkewe siku ya ndoa yao. Sasa Caritas alikuwa anaolewa na Telesphory, kijana wa Ujiji muuza mawese, na mzee alikuwa na ombi moja tu duniani: binti aende kanisani ndani ya gari la mama yake, baba akiwa kwenye usukani. Baada ya harusi alitakiwa kuripoti kambini, huko Kasulu, na magari hayakuruhusiwa kambini. Kwa hiyo safari ilikuwa ni hiyo moja. Ya pili haipo.

Gari likaletwa gereji ya Leonardi, chini ya turubai la bluu pale Rusimbi, na kazi akapewa Dotto. Dotto alikuwa mtoto wa Kibirizi, baba yake fundi wa maboti. Shule aliiacha darasa la tano, si kwa ujinga, ila makalio yake na dawati havikuelewana. Mikono yake ilikuwa myepesi na mdomo mwepesi zaidi.

"Shikamoo, Mzee. Tatizo nini?"

"Marahaba, mwanangu. Vifungio vitatu ni vizima. Cha nne, cha mbele kushoto, kilidondoka ziwani wakati wa kupakia. Kiling'oka na kikalio chake. Limebaki tundu."

Dotto akachungulia lile tundu, akacheka. "Hilo tu? Mimi nilidhani injini imekufa!"

"Hilo tu," mzee akasema, "ndilo linaloshika boneti upepo unapotoka mbele. Nilikimbia mashindano na gari hili. Kifungio kinatakiwa kifunguke kwa mkono, kwa sababu injini ikichemka huna muda wa kutafuta spana. Kisilegee gari likitikisika. Na kisiivunje faiba. Ukipata chenye hayo matatu, umepata."

Dotto akazunguka mji. Alirudi na gunia, akalimwaga chini, wote wakainama kutazama. Bolti na nati. Mzee akakataa, zinataka spana. Komeo la sanduku la bati. Likajaribiwa, likashika, lakini likitikiswa linaimba kama njuga. Ndoano ya turubai la lori ilikuwa nzito, ingepasua faiba. Pini ya jembe la kukokotwa haikuingia kabisa.

Caritas, aliyekuwa amekaa kwenye tairi akimenya machungwa, akanyanyua kichwa. "Si mfunge na mpira tu? Hilo komeo, halafu juu yake mpira wa tairi, mnaukaza. Komeo likilegea, mpira upo."

"Mpira?" Dotto akashika kiuno. "Shemeji, wewe ni bi harusi au mzigo wa kuni kwenye baiskeli ya Kasulu? Watu watatoka nje kuangalia gari la spoti, waone mpira mweusi umekatiza boneti kama mtu aliyefungwa kitambaa kwa jino bovu!"

Gereji nzima ikaangua kicheko. Hata Leonardi, ambaye hucheka kwa nadra kama mvua ya Julai, alicheka. Caritas akamtupia ganda la chungwa. "Utacheka hivyohivyo boneti likiruka, sha," akamwambia kwa Kirundi cha kwao.

Mzee Ndayisenga hakucheka. Alikuwa anapapasa ile rangi nyekundu kwa kiganja. "Siku za mashindano tulikuwa tunaweka mkanda juu ya vifungio," alisema polepole. Macho yake yalikuwa Bujumbura, kwenye barabara ya miembe, mwanamke wa shela nyeupe amekaa pembeni yake. "Lakini siku ile ya mama yako hatukuweka mkanda. Lilikuwa safi kabisa, linang'aa. Mwanangu, unaweza kulifanya liwe kama siku ile?"

"Mzee," Dotto akasema, "niachie mimi."

Akaenda kwao Kibirizi. Mtoto wa fundi wa maboti anajua jambo moja kabla hajajua kusoma: mbao ikinywa maji huvimba, na ikivimba huubana msumari mpaka ung'oe ubao mzima. Maboti yote yanayokwenda Kalemie yanashikwa na siri hiyo. Dotto akachonga kipande cha mvule, akakiloweka ziwani, akakigongelea kwenye lile tundu. Akakaza ndani yake skrubu ya shaba, kichwa chake amekisugua kwa tupa mpaka kikafanana na wale ndugu zake watatu. Akapaka rangi.

Wakaja kujaribu. Leonardi akavuta pembe ile, akaweka mguu kwenye bampa, akavuta tena hadi mshipa wa shingo ukamtoka. Boneti halikutikisika. Mzee Ndayisenga akainama, akasahau hata kuuliza kama kinafunguka kwa mkono, akatazama pembe zote nne, na kwa mara ya kwanza Dotto akayaona meno yake.

"Yampayinka!" mzee akaapa kwa Kirundi. "Sikitambui kipya ni kipi."

Dotto akaondoka pale kichwa kimevimba kuliko ile mbao. Wala hakulificha gari. Aliliacha juani hadi siku ya harusi, rangi ikauke vizuri, na kila apitaye alisimama kulishangaa.

Jumamosi Ujiji ilitoka nje. Wanawake walitandika khanga barabarani, watoto walikimbia nyuma ya gari hadi pumzi ikawaishia. Caritas alikaa mbele na shela ya mama yake, iliyovushwa mpakani ikiwa imefungwa ndani ya mto wa kulalia. Mzee alivaa ile suti yake. Nyuma yao ilifuata pikapu ya matarumbeta, na Dotto alikuwa amesimama humo, ameshika bomba kwa mkono mmoja, mkono mwingine anapungia watu kama vile anaoa yeye.

Wakatambaa taratibu Ujiji yote. Rusimbi walishangiliwa. Walipofika Mwanga, pale barabara inapoanza kuteremka kuelekea stesheni, ziwa likajitokeza lote mbele yao, la bluu, na milima ya Kongo kule ng'ambo. Caritas alikuja kusimulia baadaye kwamba ni yeye aliyesema, "Baba, kimbiza kidogo. Kama ulivyomkimbiza mama."

Mzee akakanyaga mafuta. Gari likanguruma, sauti ambayo Kigoma haijapata kuisikia tena, na Dotto akapiga mluzi wa furaha. Mluzi ukamfia mdomoni. Pembe ya mbele kushoto ilikuwa inatetemeka, kama mdomo wa mtoto anayetaka kulia.

"Mzee! Simama! Simama!"

Nani asikie, na matarumbeta yanalia? Upepo ukaingia chini ya boneti, ukalinyanyua. Faiba ikachanika kwa mlio wa gunia linalopasuliwa, boneti likajibamiza kwenye kioo cha mbele, na mzee akawa kipofu katikati ya mteremko. Akashika breki, akakata usukani upande usio na watu. Gurudumu la mbele likatumbukia mtaroni na kuvunjika. Boneti likaruka juu ya gari, likaanguka barabarani, na pikapu ya matarumbeta ikapita juu yake. Nusu ilisagika. Mpiga tarumbeta mmoja, aliyekuwa amefumba macho kwa utamu, aliendelea kupuliza peke yake mpaka alipogundua dunia imenyamaza.

Hakuna aliyeumia. Mzee Ndayisenga akashuka, akazunguka, akamfungulia binti yake mlango, akamfuta vumbi kwenye shela. Ndipo akaenda mbele kutazama. Vifungio vitatu vilikuwa bado vimefungwa, vimekaza barabara, kila kimoja kimeng'ata kipande chake cha faiba nyekundu. Havikuachia. Cha nne kilikuwa kimelala juu ya rejeta, skrubu imening'inia kwenye mbao iliyokauka na kusinyaa kama jino la kizee.

Mzee akaiokota. "Mbao."

"Ndiyo, Mzee."

"Ya boti."

"Haifunguki ile, Mzee. Nakuapia. Ikishakunywa maji inabana mpaka…"

Mzee Ndayisenga akalitazama ziwa kule chini, kisha akaitazama injini iliyokuwa inafuka moshi. "Na hapa, mwanangu," akauliza kwa upole, "ilikuwa inywe nini?"

Dotto, yule wa mdomo mwepesi, akainama kuokota vipande vya faiba. Angetukanwa angepumua.

Caritas akavua viatu, akavishika mkononi. Baba yake akampa kiwiko. Wakateremka kwa miguu mpaka kanisani, akina mama wakipiga vigelegele, matarumbeta yakifuata, na watu walisema hawajaona harusi nzuri kama ile. Lakini Dotto alimwona mzee akigeuka nyuma. Aligeuka mara moja tu. Gari lilikuwa mtaroni limefunua matumbo yake juani, na mzee aliliangalia jinsi mtu anavyoangalia kaburi analoliacha nchi nyingine.

Kabla lori la kambi halijamchukua, alipita gereji. Alikuwa ameving'oa vile vifungio vitatu. Akavitia kiganjani mwa Dotto. "Ukipata cha nne, niletee."

Miaka ikapita. Zaire ikabadilishwa jina, turubai la bluu likachanika, Dotto akawa na gereji yake mwenyewe, na hakuna gari lililotoka humo bila kuvutwa, kukaushwa juani, na kuvutwa tena. Siku moja huko Tabora, kwenye lundo la vyuma chakavu, akakutana nacho: springi ileile, kichwa kilekile. Akakisukuma, akakizungusha. "Ka!" Akasimama pale kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni.

Alikipeleka Ujiji pamoja na vile vitatu, kwa Caritas, kwa sababu kambi ilikuwa imekwisha fungwa na mzee alikuwa amerudi kwao, akalala karibu na mkewe. Caritas alikuwa mama mzima sasa, sauti ileile. Akavipanga vyote vinne juu ya meza, akakisukuma kile kipya, akasikiliza kinavyolia. Akacheka. Halafu akajifuta jicho kwa ncha ya kitenge.

"Ungefunga mpira tu, shemeji."

Dotto akageukia dirishani. Uani, nusu ya boneti jekundu ilikuwa imeinamishwa juu ya matofali, na chini yake kuku wa Caritas walikuwa wamejikinga jua. Kwenye pembe zake mbili zilizosalia, tundu la kifungio imara lilikuwa limechanika, na lile la mbele kushoto lilikuwa zima, halina hata ufa, maana siku ile hapakushikwa na kitu. Ni kweli walivyosema wa kale: kamba hukatikia pembamba.