Kijiji Kilichochagua Mashine ya Nyasi

Kijiji kimoja cha mlimani kilipewa trekta dogo. Aliyelitoa alikuwa mtoto wa kijiji hicho hicho, Gwamaka, aliyekwenda zake mbali akiwa kijana na huko mambo yakamnyookea. Hakulitoa ili asifiwe. Aliwaambia maneno machache tu: trekta ni nguvu, lakini nguvu peke yake haifanyi kazi, inataka kifaa cha kufungwa nacho. Kifaa hicho chagueni wenyewe, akasema, maana ninyi ndio mnaojua kinachowasumbua. Kitakuwa kimoja tu. Mkishachagua, nitakilipia, na sitawauliza kwa nini.

Kilichowasumbua kilijulikana na kila mtu. Kijiji kilikuwa na barabara moja ya kuteremkia bondeni, na huko bondeni ndiko kulikokuwa na hospitali, soko na lami. Katikati ya mteremko palikuwa na kona kali chini ya genge la udongo mwekundu. Kila masika genge lilimomonyoka, tope likajaa barabarani, na watu wakafungiwa juu kama kuku tunduni. Viazi viliozea magunini. Wagonjwa walisubiri jua. Wanaume walishuka na majembe wakachimba, mvua ikarudi na kujaza walipochimba.

Karibu kabisa na kona hiyo aliishi mjane aliyeitwa Sekela, ambaye watu walimwita Mama Lusajo kwa jina la mwanawe. Alilijua genge lile kama mtu anavyomjua jirani mgomvi. Kwa hiyo mwenyekiti wa kijiji, Asajile, alipopewa kazi ya kwenda mjini kuchagua kifaa, wanawake walisema Mama Lusajo afuatane naye. Asajile hakupenda, lakini hakupata neno la kukataa.

Dukani muuzaji aliwaonyesha vifaa viwili vinavyolingana na trekta lile. Cha kwanza kilikuwa bapa nene la chuma la kusukumia udongo, kama la greda ila dogo. Halikuwa na uzuri wowote. Rangi yake ilipakwa ovyo, na lilikuwa zito kiasi kwamba watu wawili walihema kulisogeza. Sekela aliliwekea kiganja, akakiacha hapo. Aliliona tayari likizama kwenye tope la kona, likilisukumia korongoni, na barabara ikitokea chini yake. Cha pili kilikuwa mashine ya kukatia nyasi, nyekundu, inang'aa, visu vyake vimefichwa tumboni. Muuzaji aliwauliza kwenu shida ni nini. Sekela akasema, tope. Asajile akamkatiza, akasema kijiji kinajiandaa kupokea mgeni.

Maana siku ya kuzindua trekta alikuwa anakuja mgeni mkubwa kutoka mkoani, na uwanja wa ofisi ya kijiji ulikuwa na nyasi za kufika magotini. Uwanja ule ulimnyima Asajile raha. Alimvuta Sekela pembeni, akamweleza kwa upole, kama mtu anayembembeleza mtoto anywe dawa.

"Mama Lusajo, tope linakuja na kuondoka. Mgeni akikuta pamependeza atatukumbuka. Hapo ndipo tutapata bapa, na mengine zaidi ya bapa."

"Mwenyekiti, masika hayatamsubiri huyo mgeni atukumbuke."

"Nimekusikia, mama," alisema Asajile. Kisha akamgeukia muuzaji, akaichagua mashine ya nyasi. Na Gwamaka akailipia bila kuuliza, kwa kuwa alikuwa ameahidi.

Siku ya uzinduzi uwanja ulikatwa ukawa laini kama zulia. Mgeni alitembea juu yake kwa viatu vyake safi, akasema hajaona kijiji nadhifu kama hiki, akala, akaondoka barabara ikiwa bado kavu. Wanawake walipiga vigelegele. Sekela aliwatazama mmoja mmoja. Walikuwa wale wale waliomwaga viazi vilivyooza mwaka uliopita, wale wale waliowabeba wazee wao mgongoni kupita kwenye tope. Wao walimuumiza kuliko Asajile, kwa sababu Asajile alikuwa mmoja na wao walikuwa kijiji kizima. Kwenye mkutano uliofuata alisimama akaomba mashine irudishwe dukani wapewe bapa. Mtu akanong'ona kwamba mjane huyu ana kijicho. Mwingine akasema asiharibu furaha ya watu. Sekela akaketi.

Masika yakaja, na genge likashuka.

Bupe, mke wa Lusajo, alikuwa na mimba yake ya kwanza. Mkunga alikuwa ameshaonya kwamba mtoto amekaa vibaya, na mama akajifungulie hospitali. Walikuwa wamekusudia kumpeleka bondeni mapema, akakae kwa ndugu. Lakini uchungu ulimwanza asubuhi moja kabla ya wakati wake, na asubuhi hiyo kona ilikuwa imejaa tope hadi kiunoni.

Walimfunika Bupe blanketi, wakamketisha kando ya kona, na Lusajo akakimbia kulifuata trekta. Likaja likinguruma, na kwa mara ya kwanza siku ile Sekela alipumua, kwa maana sauti ile ilikuwa sauti ya nguvu. Kisha likapinda kona, naye akaona kilichofungwa kwenye trekta: ile mashine ya nyasi. Dereva alijaribu. Aliliingiza taratibu kwenye tope, visu vikajaa udongo vikanyamaza, magurudumu yakateleza kuelekea korongoni, akalirudisha nyuma. Likasimama pale, injini ikiunguruma, lina uwezo wa kusukuma nusu ya mlima na halina cha kuusukumia. Watu wakachukua majembe, kama walivyofanya baba zao.

Asajile alifika amevaa buti za mvua, ameshika mwavuli. Alisimama mahali pakavu, akawaambia watu watulie, haya ni mapenzi ya Mungu. Kisha akamwita dereva, akamwambia alirudishe trekta ofisini kabla mashine haijaharibika.

Sekela alikuwa ndani ya tope hadi mapajani. Alinyoosha mgongo. Hakumwita mwenyekiti, wala hakumpa heshima yoyote ya umri wala ya cheo.

"Asajile," alisema, "nyasi hazijawahi kumzuia mtu kupita."

Yalisikika majembe tu, na Bupe akilia ndani ya blanketi.

Hatimaye waliacha kuchimba, wakafunga blanketi kwenye miti miwili, wakambeba Bupe mabegani kupita kwenye tope lenyewe. Kila walipoinua mguu, tope liliuvuta chini. Walipita. Walimfikisha bondeni. Madaktari wakamwokoa Bupe. Mtoto, msichana, alizaliwa amekwisha kufa, mzima wa viungo, mwenye nywele nyingi nyeusi. Sekela ndiye aliyemwosha.

Walipomrudisha mtoto kijijini ili azikwe, Asajile alituma ujumbe wa pole. Ndani ya ujumbe huo alisema kwa kuwa ua wa Mama Lusajo umejaa matope, waombolezaji wanakaribishwa kukaa kwenye uwanja wa ofisi, umekatwa vizuri na hauna umande. Sekela aliusikiliza ujumbe mpaka mwisho. Akamwambia aliyetumwa arudi, akaseme kwamba msiba uko penye tope kwa sababu tope ndilo lililouleta. Na waombolezaji, hata wale waliopiga vigelegele, wakakaa chini penye unyevu, wakainamisha vichwa.

Walipomaliza kuzika, Sekela hakurudi nyumbani. Alipanda hadi ofisini akiwa na khanga ya msiba kiunoni, na wanawake wakamfuata bila kuitwa. Dereva alipowaona alielewa. Alichomoa pini zilizoshika mashine, akajitenga kando. Waliiinua ile mashine nyekundu, wakaipitisha juu ya nyasi zile nzuri, wakateremka nayo mlima mzima, wakaivusha kwenye tope kwa mabega yale yale yaliyombeba Bupe, wakaifikisha penye lami, na hapo wakapata gari la kuwapeleka nayo dukani mjini. Asajile aliwafuata kipande cha njia akiuliza ni nani aliyewapa ruhusa. Walikuwa wamebeba mzigo mzito, hawakuwa na pumzi ya kumjibu.

Muuzaji alimkumbuka Sekela. Aliitazama mashine, akayatazama matope kwenye nguo zao, akatoa bapa lile pale lilipokuwa, akawabadilishia. Hakuna mtu aliyeuliza kipi ni kizuri. Walilirudisha kijijini, wakalifunga kwenye trekta, na dereva akaingia kwenye kona. Kazi iliyowashinda wanaume na majembe, miaka na miaka, ilikwisha kabla jua halijafika utosini. Barabara ikatokea, nyekundu, yenye maji, ya kupitika. Lusajo aliitazama, akageuka, akaenda zake nyuma ya nyumba. Njia ilikuwa imefunguka kwa kila mtu isipokuwa kwa yule aliyeihitaji.

Asajile hakuomba radhi. Watu wanasema alichokilalamikia tangu siku ile ni kwamba nyasi za uwanjani zimeota tena na hakuna anayejali. Na wapo waliomwonea huruma, wakasema alikuwa na nia njema, alikitakia kijiji sifa. Mimi nia yake simwulizi. Gwamaka hakutoa trekta kwa ajili ya nia. Alitoa nguvu, akaacha uchaguzi mikononi mwa watu waliolijua tope lao vizuri kabisa.

Basi ninyi mnaonisikiliza, msimtazame Asajile tena. Kila mmoja wenu amepewa nguvu yake: mwingine elimu, mwingine mali, mwingine sauti inayosikilizwa anaposimama. Umeifungia kifaa gani nguvu hiyo, na ni nani sasa hivi analia ndani ya blanketi, upande huu wa tope, akiisikia injini yako ikinguruma?